Luis Tiant na ligi za chini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Warushaji wa besiboli wa Cuba, wale wanaomrushia mpigaji mpira, ni wengi. Kwa nini Luis Tiant?

Kwa sababu ukiwasimulia wengine, ligi za chini zinakaa mstari mmoja: alifika, akakaa miezi minne, akapandishwa. Tiant alizipitia mara tatu. Ya kwanza alikuwa kijana wa miaka 18. Ya pili alikuwa na miaka 30, ametemwa, na bega lake halijulikani kama litarudi. Ya tatu alikuwa na miaka 40, umri ambao wenzake wengi walikuwa wameshavua jezi. Mara zote tatu alipanda tena.

Alimaliza na ushindi 229 katika Ligi Kuu ya Marekani, idadi ambayo hakuna mrushaji mwingine mzaliwa wa Cuba aliyeifikia. Huo ushindi 229 umeandikwa sana. Hapa nataka tuangalie kule chini, kwenye mabasi na miji midogo, kwa sababu maswali mengi ninayoulizwa yanaishia huko.

Ligi za chini ni kitu gani? Ni kama Ligi Daraja la Kwanza?

Hapana, na hapa ndipo wapenzi wa soka huteleza. Kwetu timu ikimaliza juu ya msimamo inapanda yenyewe, pamoja na kocha wake, mashabiki wake na basi lake. Kwenye besiboli ya Marekani timu haipandi wala haishuki, hata ishinde mechi zote za msimu. Anayepanda daraja ni mchezaji, mmoja mmoja.

Kila klabu ya Ligi Kuu inazo timu zake za chini, zimepangwa kama ngazi. Leo kila klabu inazo nne zinazocheza msimu mzima: A, A ya juu, AA na AAA. Klabu ni 30, kwa hiyo timu hizo ni 120, na utaratibu huo umeanza 2021. Chini yake zipo timu za chipukizi katika viwanja vya mazoezi vya Florida na Arizona, na nyingine Jamhuri ya Dominika. Enzi za Tiant ngazi ilikuwa ndefu zaidi. Hadi 1962 ilianzia herufi D ikapanda C, B, A, AA mpaka AAA, kisha kabla ya msimu wa 1963 ikapunguzwa.

Mwenye mchezaji ni klabu kubwa, na ndiyo inayomlipa mshahara. Kocha wa timu ndogo anaweza kuamka ana mrushaji bora wa ligi nzima, na jioni hana. Simu imepigwa, kijana ameitwa juu. Hakuna ada ya uhamisho wala sherehe ya kuaga.

Namba kama 15-1 na 2.04, tutakazokutana nazo huko mbele, zinasomwaje?

Namba ya kwanza ni mechi ambazo mrushaji ameandikiwa ushindi, ya pili ni zile alizoandikiwa kipigo. Kwa hiyo 15-1 ni msimu ambao mtu hausahau. Ile yenye nukta inaitwa ERA. Ni wastani wa mikimbio (pointi) anayowaruhusu wapinzani kwa kila iningi 9, yaani mechi nzima, ukiacha ile iliyotokana na makosa ya wenzake uwanjani. Chini ya 3 ni mrushaji mzuri. Ukivuka 5, anza kufunga virago.

Nyingine ni straiki. Mpigaji akikosa mara tatu anatoka, na mrushaji anaandikiwa. Hizo tatu zinakutosha kwa ukurasa huu.

Alianzia wapi?

Marianao, Havana, alikozaliwa tarehe 23 Novemba 1940. Mtoto wa pekee. Baba yake, Luis Tiant Mkubwa, naye alikuwa mrushaji, tena wa mkono wa kushoto, na alicheza Marekani katika ligi za watu weusi wakati ambapo Ligi Kuu ilikuwa haimruhusu mtu mweusi kukanyaga uwanja. Mwaka 1947, akiwa na miaka 40, alimaliza msimu bila kupoteza mechi akiwa na New York Cubans, na timu ikatwaa ubingwa. Husimuliwa kwamba alikuwa mjanja kiasi kwamba siku moja alirusha mpira kwenda kituo cha kwanza ili kumnasa mkimbiaji, na mpigaji aliyesimama mbele yake akaupiga hewa akidhani umerushwa kwake. Simulizi za wazee hizo, kila mmoja anaongeza chumvi yake.

Ila mzee hakutaka mwanawe afuate njia hiyo. Alicheza miaka mingi, alirudi nyumbani mikono mitupu, na hakuona sababu ya kijana kurudia. Mama ndiye aliyemtetea.

Havana wakati huo ilikuwa na timu ya AAA iitwayo Sugar Kings, moja kwa moja katika ngazi ya Wamarekani, chini ya klabu ya Cincinnati. Tiant alifanya majaribio pale na hawakumchukua. Fikiria: timu ya nyumbani, umbali wa daladala kutoka mtaani kwako, inakuambia hapana. Aliyemwona ni Beto Ávila, Mmexico aliyekuwa mpigaji bora wa Ligi ya Marekani (moja ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu) mwaka 1954, akawapendekezea Tigres wa Jiji la Mexico. Mkataba ulikuwa dola 150 kwa mwezi.

Ni kweli alitoroka Cuba?

Hapana. Swali hili linakuja karibu kila wiki, kwa sababu siku hizi mchezaji wa Cuba na neno "kutoroka" vimeshikana kama kumbikumbi. Tiant aliondoka kama mfanyakazi yeyote aliyepata kibarua nchi jirani, akienda na kurudi.

Msimu wake wa kwanza Mexico, 1959, ulikuwa balaa: 5-19, ERA 5.92. Mechi 19 kwenye kitabu cha vipigo. Jiji la Mexico liko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, mpira haujipindi unavyopaswa kujipinda na ukipigwa unasafiri. Si mahali pa kumpeleka mrushaji wa miaka 18. Mwaka uliofuata alipata 17-7 na Tigres wakawa mabingwa. Majira ya baridi akarudi nyumbani kuichezea Havana katika ligi ya kulipwa ya Cuba, akachaguliwa chipukizi bora. Huo, wa 1960 hadi 1961, ndio ulikuwa msimu wa mwisho wa ligi hiyo. Serikali ya Fidel Castro ilifuta michezo ya kulipwa, na Sugar Kings walikuwa wameshahamishiwa Jersey City katikati ya msimu wa 1960.

Mwaka 1961 akarudi Mexico, akapata 12-9. Na huko akamwona Maria del Refugio Navarro akicheza softiboli katika timu ya ofisini kwao. Wakaoana Agosti mwaka huo. Mpango ulikuwa msimu ukiisha amchukue bibi harusi ampeleke Havana kwa wazee.

Ndipo baba akamwandikia: usirudi. Aprili mwaka ule wavamizi waliofadhiliwa na Marekani walikuwa wameshindwa pale Ghuba ya Nguruwe, mipaka ilikuwa inabana, na mzee aliona kwamba kijana akiingia hatatoka tena, na besiboli ya kulipwa haipo. Yule yule baba ambaye hakutaka mwanawe awe mrushaji ndiye aliyempa mwanawe urushaji badala ya nyumbani. Hakuna usiku wa kuruka ukuta wala boti. Ni barua ya baba, na kijana aliyeitii. Alidhani ni kwa miezi michache, ikawa miaka 46 kabla ya kukanyaga tena Havana, mwaka 2007.

Alipofika Marekani alianzia daraja gani?

Cleveland walinunua mkataba wake kwa dola 35,000 na mwaka 1962 wakampeleka Charleston, West Virginia, daraja la A. Akapata 7-8. Msimu wa 1963 akawa Burlington, North Carolina: 14-9, ERA 2.56, straiki zilizowatoa wapigaji 207, na mechi moja dhidi ya Winston-Salem ambayo wapinzani hawakupata hiti, yaani pigo linalomfikisha mpigaji kituoni, hata moja.

Maisha yalikuwaje huko?

Hapa niseme kidogo, maana takwimu zake za Burlington ni nzuri mno na zinaweza kukudanganya kwamba alikuwa na raha.

Burlington iko kama kilomita 35 kutoka Greensboro, mji ambako mwaka 1960 wanafunzi wanne weusi waliketi kwenye kaunta ya chakula ya wazungu wakakataa kuondoka. Miaka mitatu baadaye bado ilikuwa hivyo hivyo kwa mchezaji mweusi kwenye ligi za kusini. Basi la timu linasimama njiani usiku baada ya mechi. Wazungu wanashuka, wanaingia mgahawani, wanaagiza. Mweusi anabaki kwenye kiti chake gizani akisubiri mwenzake amletee chakula kwenye mfuko wa karatasi, na kama mwenzake amesahau, amesahau. Hoteli ya timu si hoteli yake. Anapangiwa chumba kwa familia upande wa pili wa mji, na asubuhi atafute mwenyewe namna ya kufika uwanjani.

Kwa Tiant kulikuwa na la ziada. Mmarekani mweusi alikuwa amezaliwa ndani ya hali hiyo na alijua ukuta uko wapi. Tiant alitoka Cuba na Mexico, hajui lugha, anagundua ukuta kwa kujigonga. Mwenyewe alikuja kueleza baadaye kwamba Kiingereza kilikuwa kinampita, lakini ubaguzi haukuhitaji mkalimani. Na hakuweza kusema basi nimechoka narudi kwetu. Kwetu palikuwa pamefungwa.

Nikiangalia straiki zile 207 nakumbuka nusu yake zimerushwa na mtu ambaye hakujua kama usiku ule atakula.

Msimu wa 1964 ulikuwaje hasa?

Portland, Oregon, daraja la AAA, mlango wa mwisho kabla ya Ligi Kuu. Kijana mwingine wa Cleveland, Sam McDowell, alikuwa pale pale akirusha kwa kasi ya kutisha, 8-0, akaitwa juu mapema. Tiant akabaki akishinda. Ilipofika Julai alikuwa 15-1, ERA 2.04.

Tukisema kweli, hapa palikuwa na ukaidi wa klabu. Mrushaji ameshinda 14 msimu uliopita na anashinda kila wiki msimu huu, unasubiri nini? Hatimaye simu ikapigwa.

Akavuka nchi nzima kutoka pwani ya magharibi hadi New York, na mechi yake ya kwanza ya Ligi Kuu, Jumapili ya tarehe 19 Julai 1964, ikawa Yankee Stadium, dhidi ya Whitey Ford, mrushaji nyota wa Yankees. Yankees wale walikuwa wamecheza fainali misimu minne mfululizo na mwaka ule wangecheza ya tano. Tiant alirusha mechi yote mwenyewe, akawaruhusu hiti 4, akawatoa 11 kwa straiki, Cleveland wakashinda 3-0. Sheria ya Haki za Kiraia iliyopiga marufuku ile migahawa ya kubagua ilikuwa imetiwa saini siku 17 kabla.

Baada ya hapo alikuwa nyota. Kwa nini alirudi ligi za chini 1971?

Mwaka 1968 alikuwa miongoni mwa warushaji wakali kuliko wote duniani: 21-9, ERA 1.60, mechi 9 nzima bila kuruhusu mkimbio. Mwaka uliofuata akapoteza 20. Cleveland wakampeleka Minnesota kwa kubadilishana wachezaji. Akaanza 1970 kwa ushindi 6 bila kipigo, halafu mwezi Mei bega likamuuma akirusha, na picha zikaonyesha mfupa bapa wa bega umepata ufa. Ni jeraha ambalo madaktari wa michezo hawalioni mara nyingi kwa warushaji.

Tarehe 31 Machi 1971, mwisho wa mazoezi ya kujiandaa na msimu, Minnesota wakamtema. Si kwa mkopo, si kumshusha. Kumtema. Atlanta wakampa mkataba wa majaribio wa siku 30 katika timu yao ya AAA, Richmond. Zilipokwisha hawakuwa tayari kumpandisha. Boston wakamchukua, wakampeleka timu yao ya Louisville, Kentucky.

Weka picha hii kichwani. Miaka mitatu nyuma huyu mtu alikuwa anaanza mechi ya nyota wa Ligi Kuu. Sasa yuko chumba cha kubadilishia nguo pamoja na vijana wa miaka 21 na 22 ambao walikuwa shuleni alipokuwa anawafunga Yankees mdomo. Anapanda basi kama wao. Na kocha wa Louisville, Darrell Johnson, ndiye aliyekaa akamtazama vizuri na kuona kwamba mkono upo. Kasi imepungua, ndiyo, lakini mkono upo. Juni Boston wakampandisha.

Msimu ule alimaliza 1-7 na Boston, na mashabiki walimzomea, na magazeti yakaandika yale magazeti huandika. Mwaka 1972 akawa 15-6 na ERA 1.91, bora kuliko mrushaji yeyote wa Ligi ya Marekani. Halafu 20-13, kisha 22-13. Darrell Johnson naye alipandishwa kutoka chini, na mwaka 1975 alikuwa kocha wa Boston waliofika World Series. Mrushaji aliyempa mechi ya kwanza ya fainali ni yule yule wa Louisville. Tiant aliwafunga Cincinnati 6-0.

Kituko cha siku ile: kwa sababu ya sheria mpya inayomruhusu mtu mwingine kupiga badala ya mrushaji, hakuwa ameshika gongo la kupigia kwenye mechi za ligi tangu 1972. Alipiga, akafika kituoni, akazunguka vituo vyote hadi cha nyumbani, ambako mkimbio huhesabiwa, akaikosa bamba yake kwa mguu, ikabidi arudi kuikanyaga huku uwanja mzima ukicheka. Ilihesabiwa.

Ule mtindo wa kumpa mpigaji mgongo alifundishwa na kocha gani wa ligi za chini?

Hakuna kocha ambaye angemfundisha mtu vile. Alianza kuugeuza mwili kiasi mwaka 1968, na baada ya jeraha akauchukua hadi mwisho wake.

Ukitazama picha za zamani utaona. Anashika mpira kifuani, mikono inashuka polepole kwa vituo vituo, kama mtu anayeshusha ndoo kisimani. Kisha anageuka mpaka namba ya mgongoni inamwangalia mpigaji. Kichwa kinainuka, macho yanaenda uwanja wa nyuma, wengine waliapa yanaenda angani. Mpigaji haoni mpira, haoni mkono, haoni uso. Ghafla mwili unafunguka na mpira unatoka pembeni, au juu, au chini ya bega, na kila njia ina kasi yake. Alipokuwa na kasi ya kijana hakuhitaji haya yote. Bega lilipomnyang'anya kasi, akaamua mpigaji asijue mpira unatoka wapi. Nadhani mwezi ule mmoja wa Richmond na ule wa Louisville vilimfundisha zaidi ya miaka yote ya Cleveland, maana huko chini ndiko alikoruhusiwa kujaribu na kukosea bila watu 30,000 kumtazama.

Wazazi wake waliwahi kumwona akicheza Marekani?

Ndiyo, mara moja ikatosha kuiliza Boston. Mei 1975 Seneta George McGovern alikwenda Cuba, akiwa amebeba barua ya Seneta Edward Brooke wa Massachusetts inayomwomba Castro awaruhusu wazee wa Tiant kutoka. Castro akakubali. Walitua Boston tarehe 21 Agosti, na baba na mwana walikuwa hawajaonana kwa miaka 14.

Siku tano baadaye mzee aliombwa arushe mpira wa ufunguzi pale Fenway Park, uwanja wa Boston. Karibu miaka 70, amevaa suti na kofia ya timu. Alivua koti, akampa mwanawe amshikie, akarusha. Mpira ukashuka chini. Mzee hakuridhika. Akaashiria arudishiwe mpira, akarusha tena, na safari hii ukaingia ndani kabisa ya glovu ya mdakaji. Uwanja wa Ligi Kuu aliokataliwa akiwa na nguvu zake zote.

Hawakurudi Cuba. Desemba 1976 baba alifariki, na mama akamfuata ndani ya siku chache.

Mara ya tatu ilikuwa lini?

1981. Yankees walikuwa wamemaliza naye, Pittsburgh wakamsajili na kumpeleka timu yao ya AAA. Ilikuwa wapi? Portland. Miaka 17 baada ya ile 15-1, anarudi mji ule ule, jezi yenye jina lile lile la Beavers, sigara mdomoni na tumbo limetangulia. Akapata 13-7. Wachezaji wa Ligi Kuu walikuwa wamegoma kuanzia Juni hadi Agosti mwaka ule, na ligi za chini ziliendelea, kwa hiyo kwa wiki kadhaa mtu aliyetaka kumwona gwiji akirusha mpira alipaswa kwenda Portland. Mgomo ulipokwisha Pittsburgh wakamwita.

Mwaka 1982 akarudi hadi Ligi ya Mexico, timu ya Tabasco, ambako California Angels walimtoa kwa mechi zake za mwisho. Jumla ya Ligi Kuu: 229-172, ERA 3.30, straiki za kutoa 2,416.

Yumo kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli la Cooperstown?

Hayumo. Alifariki tarehe 8 Oktoba 2024 akiwa na miaka 83, na Desemba ile ile jina lake lilikuwa tena kwenye kura ya kamati, likakosa. Sina la kuongeza ambalo watu wa Boston hawajalisema kwa sauti kubwa zaidi.

Mrushaji wa Cuba wa leo anapita njia gani?

Ngumu zaidi kuingia, nyepesi zaidi akishaingia. Kwa miaka mingi vikwazo vya Marekani dhidi ya Cuba vimeizuia klabu kumlipa mchezaji ambaye bado ni mkaazi wa kisiwani. Kwa hiyo anatoka kwanza, anaweka makazi nchi ya tatu kama Jamhuri ya Dominika, Haiti au Mexico, ndipo mazungumzo yanaanza. Wengi hukwepa kufikia Marekani moja kwa moja pia kwa hesabu za fedha: akiwa na makazi nje anaruhusiwa kuzungumza na klabu yoyote, akiwa mkaazi wa Marekani anaingizwa kwenye mchujo ambako klabu moja tu inamiliki jina lake. Katikati hapo wamejaa madalali na wasafirishaji wa magendo, na wachezaji wameshawekwa rehani kama mzigo bandarini. Desemba 2018 Ligi Kuu na shirikisho la Cuba walisaini makubaliano ya kuwaruhusu wachezaji watoke kihalali. Aprili 2019 serikali ya Marekani ikayafuta.

Cha kufurahisha ni kwamba mji wa Louisville umewaona zaidi ya mmoja. René Arocha, wa kwanza wa timu ya taifa ya Cuba kutoroka, aliachana na wenzake Miami mwaka 1991 na msimu uliofuata akawa Louisville. Aroldis Chapman alitoka nje ya hoteli Rotterdam Julai 2009, Januari 2010 akasaini na Cincinnati dola milioni 30.25, na hata yeye akapelekwa Louisville kwanza. Kufikia Septemba alikuwa Ligi Kuu, na huko San Diego alirusha mpira wa maili 105.1 kwa saa, sawa na kilomita 169. Miezi mitano ya ligi za chini. Tiant alikaa Mexico na Marekani misimu sita kabla ya simu ya kwanza.

Wanalipwa kiasi gani huko chini?

Mkataba wa kwanza wa chama cha wachezaji wa ligi za chini, mwaka 2023, uliweka kima cha chini AAA kuwa dola 35,800 kwa mwaka. Kabla ya hapo kilikuwa 17,500. Kwa bei za Marekani, hizo si fedha nyingi.

Kuna mtu wa Afrika Mashariki huko?

Waganda wamefika. Klabu ya Dodgers ya Los Angeles iliwasajili warushaji wawili, Ben Serunkuma na Umar Male, mwaka 2022, na Pittsburgh wakamsajili David Matoma, kijana mwenye mpira wa kasi sana. Uganda ilishapeleka watoto kwenye mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport tangu 2012, kwa hiyo si bahati tu. Ukitaka kufuatilia mechi zao, jiandae kukesha: mechi ya saa 1 jioni pwani ya mashariki ya Marekani huku ni saa 8 usiku.

Nikisafiri, viwanja alivyochezea Tiant bado vipo?

Nenda Portland. Beavers hawapo tena, waliondoka baada ya msimu wa 2010, lakini uwanja upo katikati ya mji, ule ule wa 1964 na 1981, umebadilishwa jina mara kadhaa. Siku hizi unaitwa Providence Park na ni wa Portland Timbers. Wanacheza soka. Pale alipokuwa anasimama kurusha pameshasawazishwa na kuwekwa nyasi bandia, kwa hiyo usipoteze muda kutafuta kichuguu cha mrushaji. Kata tiketi, kaa, utazame mpira.